Babu Ngalawa: jinsi sponji na lateksi zilivyopata uso

Mwaka 1955 Jim Henson alikata koti la zamani la mama yake, akapasua kipira cha tenisi ya mezani katikati ili apate macho, na hapo kikaragosi Kermit akazaliwa. Miaka ya 1980, Peter Jackson, kijana aliyekuwa mwajiriwa wa gazeti mjini Wellington, New Zealand, alioka sura za mpira za viumbe wa filamu yake Bad Taste ndani ya oveni ya mama yake. Hata povu la mpira lenyewe, ambalo kampuni ya Dunlop ya Uingereza ililianzisha mwaka 1929, husimuliwa kwamba lilipigwa mara ya kwanza kwa mashine ya jikoni ya kuchanganyia keki. Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama kikaragosi chenye uso kamili kinaweza kutengenezwa nyumbani, humjibu kwamba kazi hii ilianzia nyumbani. Karakana ilikuja baadaye.

Nataka kueleza jinsi nilivyomtengeneza Babu Ngalawa, mvuvi mzee anayewasimulia watoto hadithi. Ana paji pana, mashavu yaliyobonyea na mikunjo ya mtu aliyekunja uso mbele ya jua la baharini maisha yake yote. Kumtengeneza kulinilazimu kujiuliza swali moja kila hatua: kati ya yale yanayofanywa na studio kubwa, lipi ni la lazima na lipi linaweza kuachwa?

Studio hufuata njia ndefu. Ndiyo iliyozaa vikaragosi vya mpira vya Spitting Image, kipindi cha Peter Fluck na Roger Law kilichoanza Uingereza mwaka 1984. Afrika Mashariki tumevizoea vikaragosi vya jamii hiyo kupitia The XYZ Show, kipindi cha mchora katuni Gado kilichoanza kurushwa Kenya mwaka 2009. Katika njia hiyo, uso hufinyangwa kwanza kwa udongo, kisha hutengenezewa kalibu ya plasta. Lateksi, yaani utomvu wa mpira, hupigwa mpaka itoe povu, ikiwa imechanganywa na sabuni, salfa na dawa ya kuigandisha, halafu humiminwa ndani ya kalibu na kuokwa kwa saa kadhaa katika joto lisilofika nyuzi 100. Kinachotoka ni ngozi nene, laini, yenye kila tundu na kila mkunjo wa ule udongo.

Faida yake kubwa ni kalibu: ukishakuwa nayo unaweza kutoa sura ya pili na ya tatu. Hasara yake ni kwamba gharama zote huja mwanzoni. Plasta, dawa, mashine ya kupigia, na oveni ambayo baada ya hapo haifai tena kuokea chakula. Povu likiganda kabla hujamaliza kumimina, umetupa lateksi yote. Kwa mtu anayetaka kikaragosi kimoja tu, kalibu ni kama kujenga kiwanda ili upate kiatu kimoja. Niliiacha. Nikachukua njia fupi: kichwa cha sponji iliyokatwa na kuunganishwa kwa gundi, kisha ngozi ya lateksi inayopakwa moja kwa moja juu yake.

Sponji niliipata kwa fundi makochi, mabaki yenye unene wa sentimita 2.5. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua bonge na kuanza kulichonga kama kinyago. Bonge lililochongwa huwa zito, na mkono haupati nafasi ndani. Kichwa cha kikaragosi hukatwa na kuunganishwa kama nguo, zaidi kuliko kuchongwa. Nilichora kwenye karatasi vipande vinne vilivyochongoka ncha mbili, mfano wa ganda la chungwa lililomenywa kwa kufuata pingili zake, nikavihamishia kwenye sponji na kukata kwa wembe mpya bila kuigandamiza. Sponji ikibanwa wakati wa kukatwa, ukingo hupinda na viungo havikutani.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Inapakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka ukiigusa haing'ang'anii kidole, ndipo kingo zinakutanishwa mara moja tu. Ukishakutanisha, hakuna kurekebisha. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, kwa sababu mvuke wake unalevya. Vipande vinne vikiungana, sponji iliyokuwa bapa inajikunja yenyewe kuwa tufe lenye uwazi ndani.

Mikunjo ya uso nayo haihitaji kuchongwa. Pale nilipotaka mstari wa paji, nilipasua sponji nusu ya kina chake, nikatoa kabari nyembamba, nikapaka gundi na kufumba. Sponji ya pande mbili ikavimba na mstari ukazama katikati, kama ulivyo mkunjo wa mtu halisi. Mashavu yalibonyea kwa njia hiyohiyo. Pua, masikio na nyusi ni vipande vidogo vilivyobandikwa juu.

Mdomo ndio uliokula muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na sijutii. Kaakaa na taya nilizikata kutoka kwenye soli ya ndala kuukuu, nusu duara mbili zilizounganishwa nyuma kwa kitambaa kigumu kinachofanya kazi ya bawaba. Soli ya ndala ina ugumu wa kutosha kubeba vidole, na bado inapinda kidogo, hivyo mdomo unaweza hata kubetuka. Vidole vinne hukaa juu, kidole gumba chini. Mtu anapozungumza, fuvu lake hutulia na kidevu ndicho kinachoshuka. Kwa hiyo mikanda ya kushikia vidole niliibana sana juu, na ya kidole gumba nikaiachia nafasi ya kushuka.

Kisha ikaja ngozi. Lateksi ni utomvu uleule unaogemwa kwenye miti ya mpira, kama ile ya mashamba ya Muheza, mkoani Tanga. Ukiachwa wazi huganda upesi, ndiyo maana unaouzwa kwenye makopo umetiwa amonia, na ndiyo maana unanuka kiasi cha kutoa machozi. Nilifungua madirisha yote. Nilijipaka tone moja mkononi kwanza, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haipatani na utomvu huu. Brashi niliichovya kwenye sabuni ya maji kabla ya kila mpako. Bila hivyo nywele zake hugandamana na brashi imekufa.

Kichwa cha kwanza nilikiharibu hapa. Nilipaka lateksi kwa ukarimu uso mzima, tabaka nne, nikifurahia jinsi ilivyong'aa. Ilipokauka, mdomo ulikataa kufunguka. Sponji ilikuwa imeinywa lateksi na kugeuka kuwa kitu kigumu kama tairi, na baada ya dakika chache za kujaribu kuzungumza kiganja kiliuma. Ilibidi nikate eneo lote la mdomo na kulijenga upya.

Kosa hilo ndilo lililonifundisha nguvu ya njia hii. Povu lililookwa huwa na ulaini uleule uso mzima, maana limetoka kwenye mchanganyiko mmoja. Anayepaka kwa mkono huamua unene mahali kwa mahali. Mara ya pili nilitumia kipande cha sponji badala ya brashi, nikagusagusa lateksi ikiwa kidogo, karibu kavu, ili ibaki juu bila kuzama. Paji lilipata tabaka tatu, pua nne. Pembe za mdomo na chini ya kidevu, mahali panapokunjika, tabaka moja tu. Juu ya mashavu nililaza karatasi laini iliyochanwachanwa, nikaipaka lateksi juu yake, na ilipokauka ilijikunyata ikawa ngozi ya mzee. Kila tabaka lilingoja lile la chini libadilike kutoka weupe wa maziwa kuwa rangi ya asali.

Badiliko hilo hilo huwasumbua wengi kwenye rangi. Rangi ya akriliki peke yake hupasuka mpira unapovutika, kwa hiyo niliichanganya na lateksi. Lakini lateksi yenye rangi ikikauka huwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye kikombe. Nilijaribu kwanza kwenye mabaki ya sponji, nikachanganya rangi hafifu kuliko niliyoitaka.

Macho ni nusu mbili za kipira cha tenisi ya mezani. Don Sahlin, fundi aliyemtengenezea Henson vikaragosi vingi, alijulikana kwa umakini wake katika kuweka macho: mboni ziwe zimeelekeana kidogo tu kuelekea puani, ili kikaragosi kionekane kinatazama kitu. Nilizibandika mboni kwa muda, nikarudi nyuma hatua tatu, nikazisogeza milimita moja moja. Kuna nukta ambapo uso unaacha kukodoa na kuanza kukutazama. Nilipoifikia, nikagandisha.

Babu Ngalawa hataishi milele. Lateksi huharibiwa na jua na mafuta, na hata ikitunzwa gizani na kupakwa poda ili isinatane, miaka ikipita itakauka na kupasuka. Sponji nayo itageuka njano na kumomonyoka. Kwa hiyo kitu ninachokitunza zaidi ya kikaragosi chenyewe ni bahasha yenye vipande vyake vya karatasi: maganda manne ya chungwa, nusu duara mbili za mdomo, alama za kila kabari ya mkunjo, na idadi ya tabaka iliyoandikwa kwa penseli kwenye kila sehemu ya uso. Kalibu niliyoikwepa mwanzoni, kumbe nimeipata. Inakaa kwenye droo, na siku Babu huyu atakapochoka, mjukuu wake atakatwa kutoka humo.