Kumbukumbu Ikijaa, Anza na Kanuni

Mfumo wa kuchakata matukio uliojengwa juu ya Drools, injini ya kanuni ya Java, ukianza kula kumbukumbu hadi itoe OutOfMemoryError, wengi hukimbilia kusaka uvujaji kwenye msimbo. Mara nyingi hakuna kilichovuja. Injini inashikilia matukio kwa kuwa hakuna aliyeiambia mwisho wake ni lini. Ndivyo ilivyoumbwa: algoriti ya Rete, iliyo msingi wa Drools na ambayo Charles Forgy aliieleza katika tasnifu yake ya 1979, hupata kasi kwa kuhifadhi ulinganishaji uliofika nusu njia ili usirudiwe. Mrithi wake, PHREAK, iliyokuja na Drools 6, huahirisha kazi nyingi, lakini nayo huhifadhi.

Chukua kanuni ya kunasa kadi iliyotoa pesa mara mbili ndani ya dakika 10. Kwa matukio 500 kwa sekunde, inahitaji kukumbuka matukio 300,000 tu. Yasipoondolewa, kwa siku yanafika 43,200,000. Hata tukikadiria kilobaiti 1 kwa kila moja, ni takriban gigabaiti 43. Kuyaondoa kunategemea hali ya uchakataji ya Drools. Hali ya CLOUD, ambayo ndiyo ya kawaida usipochagua nyingine, haina dhana ya "sasa", hivyo haikokotoi umri wa tukio. Hali ya STREAM hukokotoa: ikisoma sharti la muda after[0s,10m] kwenye kanuni, inajua tukio limalize lini. Ila hapo pana mtego. Kanuni ya pili ikioanisha utoaji huohuo na taarifa ya kadi kupotea, bila kutaja ndani ya muda gani, injini inalazimika kuutunza milele. Mstari mmoja uliosahaulika unafuta hesabu nzuri ya kanuni nyingine zote.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni getFactCount(), inayotoa idadi ya vitu vilivyomo kwenye sesheni, tena ni cha bure. Idadi ikipanda sambamba na matukio, tatizo ni umri wa matukio. Ikitulia huku kumbukumbu ikipanda, hapo sasa chukua nakala ya kumbukumbu, uifungue kwa Eclipse Memory Analyzer, utafute sesheni zilizoachwa bila kufungwa kwa dispose() au orodha zinazorundikwa na kanuni zenyewe. Kwenye majaribio, angalia pia saa ya bandia: isiposogezwa mbele, hakuna kinachopitwa na wakati.

Atakayesema tuongeze kumbukumbu ananunua saa chache tu. Anayetaka @expires (ukomo wa umri wa tukio) fupi kila mahali ana hoja nzito kidogo, lakini muda huo ukiwa mfupi kuliko dirisha la kanuni, utoaji wa pili utakaokuja dakika ya tisa hautapata mwenzake, wala hakuna kosa litakaloandikwa kwenye logi. Heri mfumo unaoanguka kuliko unaokosea kimya. Kuhusu hitilafu za injini yenyewe, zipo na zimewahi kurekebishwa. Lakini anayedai kuwa ndizo chanzo aonyeshe kanuni mbili tatu zinazoleta tatizo hilo zikiwa peke yake.

Kabla ya kuomba seva kubwa zaidi, fungua faili la kanuni na uandike mbele ya kila aina ya tukio muda inaotakiwa kuishi. Aina utakayoshindwa kuijibia, anza nayo.