Zau na Vinyago Viwili: Mapigano Yanayosema na Yanayopiga Kelele

Sekondari tulifundishwa kuichambua kazi yoyote ya fasihi kwa kuipasua mapande mawili, fani na maudhui. Mwishoni unaweka kichwa kidogo cha "kufaulu na kutofaulu kwa mtunzi", unapata maksi zako, unakwenda kula makande. Leo nataka kuutumia utaratibu ule ule kwa kitu ambacho mwalimu wangu wa fasihi angekitoa nje ya darasa kwa sikio: gemu. Tena sitaichambua yote. Nitashika mapigano yake tu, kwa sababu nina riwaya ninayoiandika mwaka wa tatu sasa, na mapigano ndiyo yaliyonishinda humo.

Kwetu Usangi, Desemba ni mwezi wa watu. Waliotawanyika Dar, Arusha na Moshi wanapanda mlima kutoka Mwanga mjini wakiwa na mizigo na habari zao. Binamu yangu alipanda na laptopu yake kubwa, ile ya kuchezea gemu, na pedi mbili. Umeme ukiwapo tunacheza, ukikatika tunabishana gizani. Ndani ya laptopu hiyo ndimo nilimoikuta Tales of Kenzera: Zau.

Gemu hii ilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios na kusambazwa na Electronic Arts. Aliyeanzisha studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule yule aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Baba yake alifariki, na gemu hii ameitoa ndani ya msiba huo. Unaweza kuisikiliza kwa Kiswahili pia, jambo ambalo binamu alinionyesha kana kwamba amelifanya yeye.

Kisa ni hiki. Kijana Zuberi amefiwa na baba yake, anaachiwa kitabu ambacho marehemu alimwandikia. Akikifungua, tunaingia katika hadithi ya Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba na hakubali. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: Zau atamletea mizimu mitatu mikubwa, Impundulu, GaGorib na Kikiyaon, naye atarudishiwa Baba. (Impundulu ni ndege wa radi wa watu wa kusini, Kikiyaon anatoka magharibi. Sisi Wapare, pamoja na mpungi zetu zote, hatukupewa hata mzimu mmoja. Basi, tumezoea.)

Wanaopenda kuzipanga gemu kwenye makabati watasema hii si gemu kamili ya kumlea mhusika, kwamba ina kurukaruka na kutafuta njia zaidi. Sawa. Lakini Zau anapigana, anavuna nguvu iitwayo Ulogi, anaitumia kufungua ujuzi mpya kwenye mti wa ujuzi, na anaendelea kukua. Kwa hiyo swali tunaloziuliza gemu zote za mapigano ya namna hiyo, tangu Diablo ya miaka ya 1990, linamhusu na yeye: hayo mapigano yanafanya kazi gani zaidi ya kutoa jasho?

Nianze na panapofaa kusifiwa. Zau amerithi vinyago viwili. Kinyago cha Jua ni cha karibu, moto na mapigo ya mkono kwa mkono. Kinyago cha Mwezi ni cha mbali, unarusha mapigo ya bluu na kugandisha. Unabadilisha kwa kitufe kimoja, hata ukiwa hewani. Siku ya kwanza nilivaa Jua tu, nikapigwa vibaya. Siku ya pili nikavaa Mwezi tu, nikakimbia chumba kizima kama mwizi wa kuku. Siku ya tatu vidole vikaelewa: ingia na Jua, mwinue adui juu, ruka nyuma, badili, mmalizie na Mwezi kabla hajatua. Hapo mchezo unakuwa ngoma. Yaani unaacha kufikiri vitufe, unafikiri hatua. Binamu alinyamaza, na binamu yangu si mtu wa kunyamaza.

Huo ndio ufundi wa kwanza wa mapigano, mwenzangu mwandishi: mhusika awe na njia mbili zinazopingana, na kila moja iwe na bei yake. Ukisogea unaumia, ukikaa mbali unachelewa.

La pili nalipenda zaidi. Kuna mstari mmoja kwenye skrini, mstari wa roho, unaojaa kadiri unavyopiga. Ukijaa, unaweza kuutumia kujitibu au kupiga pigo kubwa la kinyago. Kimoja tu. Chakula ni kile kile, midomo ni miwili. Mara ngapi nimesimama na afya kidogo, adui naye amebakiza kidogo, kidole kinatetemeka: nijiponye au nimmalize? Nilichagua kummaliza mara nyingi mno. Nikafa mara nyingi mno.

Nilipokuwa nakufa hivyo ndipo nilipomwona Zau vizuri kuliko katika mazungumzo yake yote. Huyu kijana ana kidonda na hataki kukitibu, anataka kupiga. Hakuna mtu kwenye gemu aliyeniambia hivyo. Kidole changu ndicho kilichoniambia. Baba yangu tulimzika mwaka 2022, nami wiki ile nzima ya matanga nilipasua kuni. Wajomba wakasema mwacheni, ana nguvu huyu. Hakuna aliyeuliza kwa nini kuni zile hazikuwa zikihitajika.

Haya, sasa kutofaulu kwa mtunzi.

Kosa la kwanza ni milango. Unatembea katika nchi nzuri, rangi mpaka unataka kulia, ghafla njia inafungwa mbele na nyuma, maadui wanatokea. Unawapiga. Wanatokea wengine. Unawapiga. Njia inafunguka. Mara ya tatu ukiona uwanja mpana usio na kitu unasema kimoyomoyo, "haya, waje." Taharuki imekufa hapo hapo, maana taharuki ni kutojua. Tena wanaokuja ni sura zile zile chache, wakiongezewa idadi au ngao tu. Hawa walikuwa nani? Kwa nini wanamchukia Zau? Wakifa wanabaki Ulogi, kama mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa.

Halafu huyu ni mganga! Kazi yake ni kutuliza mizimu. Ile mikubwa mitatu inapewa historia na huzuni yake, na pambano la kila mmoja lina uzito. Ile midogo anaifyeka kama magugu. Nilitegemea mahali fulani gemu imsute kwa hilo. Nilingoja sana.

Ngao za rangi nazo. Adui anakuja na ngao inayovunjwa na kinyago kimoja tu, nawe unatakiwa ukivae hicho. Wengine wanasema hiyo inamlazimisha mchezaji kutumia vinyago vyote viwili. Ndiyo, inamlazimisha, na ubaya wake ndio huo. Ile ngoma niliyoisifu hapo juu nilikuwa naicheza kwa hiari yangu. Ikija ngao, gemu inanishika mkono inanielekeza, kulia, kushoto, kama mtoto wa chekechea.

Na mti wa ujuzi? Unafungua tawi, pigo linaongezeka kidogo. Mwisho wa safari nilikuwa napigana karibu sawa na nilivyopigana katikati. Kinachomkuza Zau kweli ni mibuyu anakoketi na kumkumbuka Baba. Akiinuka pale, afya yake imeongezeka. Jamani, mtu anapata nguvu kwa kukaa chini na kulia! Wazo zuri namna hiyo limewekwa pembeni ya mapigano badala ya kuwekwa ndani yake.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu mkubwa, ambao mimi na binamu tuliuzungumza usiku mzima umeme ukiwa umekatika.

Tulipokuwa wadogo, kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Hata akipigwa risasi kumi, tulijua. Zau naye anakufa, na kufa kwake hakumgharimu kitu. Akidondoka kwenye miiba anakufa papo hapo, anarudishwa jirani na pale, anaendelea. Mimi nikasema: gemu nzima inahusu kijana asiyekubali kwamba kifo hakirudishi mtu, na kila baada ya dakika mbili inamrudisha mtu! Mkono wa kulia unaandika, wa kushoto unafuta. Nikamtolea mfano Dark Souls ya mwaka 2011. Humo kila pigo na kila kukwepa kunakula pumzi zako. Ukifa, roho ulizokusanya zinabaki pale ulipoangukia. Una nafasi moja ya kuzirudia. Ukifa tena njiani, zimekwenda. Mchezaji anajifunza kupoteza kwa mikono yake mwenyewe.

Binamu akanijibu kitu ambacho bado sijakipatia jibu. Akasema, "Kaka, aliyefiwa utamtoza tena?" Kwamba gemu hii imetengenezwa na mfiwa kwa ajili ya wafiwa. Kuna hata mahali pa kupunguza ugumu wa mapigano, usiteseke, ufuate hadithi. Dark Souls haikuwekewa huruma hiyo. Kwamba huenda yule Zau anayerudishwa na kurudishwa ndiye mtu aliye kwenye msiba: kila asubuhi anaamka pale pale alipoangukia jana.

Hoja nzuri. Ningeikubali kama gemu ingeitaja. Kalunga anamfuata Zau safari nzima, anamwonya, wanazungumza kama mzee na mjukuu. Angesema neno moja tu Zau anapofufuka mara ya hamsini, mambo yangebadilika. Hasemi. Kwa hiyo sifa nampa binamu, simpi mtunzi. Mwisho wa hadithi siusemi, wengine hamjacheza.

Usinielewe vibaya. Mambo yanayonikera humu nayajua kwa sababu ni yangu. Sisi tuliosoma Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa kwenye nakala zisizo na majalada tulitamani ngumi kila ukurasa, nami nimeandika ngumi kila ukurasa. Stelingi wangu ni utingo wa lori kati ya Same na Mombo. Sura ya nne ina mapigano matano. Baada ya Kenzera nilikaa na kalamu nyekundu nikajiuliza swali la mstari wa roho: hapa anaacha nini ili apige? Mapigano matatu hayakuwa na jibu. Njia inafungwa, wanatokea, anawapiga, njia inafunguka. Nimeyafuta. Kurasa kumi na tisa za kuandika kwa mkono, na mkono bado unauma.

Julai 2024 studio hiyo ilitangaza kupunguza wafanyakazi, miezi mitatu tu baada ya gemu kutoka. Salim alieleza baadaye nia ya kutengeneza gemu nyingine katika ulimwengu huo huo wa Kenzera, safari hii ya kumlea mhusika hasa, ikitazamwa kutoka juu. Ikifika huku mlimani nitaangalia kwanza mambo mawili: maadui wadogo wana majina, na kifo kina bei gani.

Binamu ameshuka na basi la alfajiri, laptopu mapajani. Mapigano mawili yaliyobaki katika sura ya nne sijayagusa. Katika lile la pili utingo amechanwa mkono na mwizi anakimbia kuelekea relini, ndoo ya maji iko hapo miguuni pake, naye hajaamua.