Maji Mapya kwa Matumbawe

Mwambani kazi ya kubadilisha maji hufanywa na bahari yenyewe. Maji hupwa na kujaa, mkondo hupita, na kinyesi cha samaki hupotelea kwenye maji mengi yasiyo na hesabu. Ndani ya tangi la lita 200 lililowekwa sebuleni Munich au Chicago, mbali kabisa na pwani, hakuna bamvua wala mkondo. Samaki wanalishwa na kunya, naitreti na fosfeti zinapanda, na matumbawe yakijenga mifupa yake yanaipunguza kalsiamu iliyomo majini. Basi mwenye tangi huchukua ndoo na mpira, akafanya mwenyewe kazi ya bahari.

Napenda kuwatazama wenye matangi kazini, na kinachonivutia zaidi hutokea kabla tangi halijaguswa. Maji ya bomba hayaingii hivihivi. Huenda yana klorini, au shaba iliyotoka kwenye mabomba, na shaba hata ikiwa kidogo sana huua viumbe wasio na uti wa mgongo. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye kichujio cha osmosisi hadi yabaki maji matupu. Kisha huja chumvi, wala si ile ya jikoni. Hii imechanganywa ili ifanane na bahari: ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vinginevyo. Lita 20 hula gramu 700 na ushei.

Angalia mkono wa fundi hapa. Maji hutangulia pipani, pampu ikiyazungusha, ndipo chumvi inyunyizwe kidogo kidogo. Hamimini maji juu ya chumvi kamwe. Akifanya hivyo, kalsiamu na kaboneti hukutana zikiwa nzito mno, hushikana na kuwa unga mweupe unaotua chini, na unga huo hauyeyuki tena. Kalsiamu ambayo matumbawe yaliihitaji imekwisha kupotea kabla haijafika tangini. Pipa huachwa lizunguke usiku kucha, hita ikiwa ndani.

Asubuhi hupima. Matone mawili juu ya kioo cha rifraktometa, kifuniko kinashushwa taratibu lisibaki povu, anangoja kidogo joto lilingane, kisha anakiinua kifaa kuelekea dirishani. Ndani yake buluu na weupe vimegawana mahali, na mpaka wao ukisimama kwenye 35 maji yana gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, kama bahari. Ukisimama kwenye 33, anarudi kwenye mfuko wa chumvi na kungoja tena. Sijaona fundi wa kweli akiharakisha hapa.

Kumimina kwenyewe ni kazi fupi. Anazima hita ya tangi, kwa sababu ikibaki hewani ikiwaka kioo chake huweza kupasuka. Anafyonza kwa mpira, akiupitisha mchangani na nyuma ya mawe, pale takataka zinapojificha. Kisha anarudisha maji mapya polepole, na samaki hawakimbii.

Kubadilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki huonekana haba, na kwa kweli hesabu yake ni ya subira. Ukiondoa sehemu moja ya kumi ya maji, naitreti nayo hupungua kwa sehemu moja ya kumi tu. Hata pasipoongezeka mpya, itakubidi urudie mara 7 ndipo ishuke chini kidogo ya nusu. Mwenye haraka hubadilisha nusu ya tangi kwa siku moja, na maji mapya yasipolingana na ya zamani, chumvi, joto na alkaliniti huruka kwa pamoja. Matumbawe huumizwa zaidi na mruko huo kuliko na naitreti yenyewe.

Ufundi huu una wazee wake. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akiwa ameyashona kwa sindano na uzi kwenye sponji. Maji ya bahari yalipokuwa haba mjini, mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Matumbawe yake yaliishi na kuzaana. Hakuwa na pampu wala rifraktometa. Alikuwa na mtumishi wa mikono isiyochoka.

Siku hizi wapo wanaotunza matangi bila kubadilisha maji, wakipeleka sampuli maabara na kurudishia kila kilichopungua. Nayaheshimu maarifa yao. Lakini maabara hutaja kile tu ilichokipima, na ndoo huondoa hata kisichopimwa. Kwa tangi dogo la nyumbani, mimi niko upande wa ndoo. Ukiwa nalo, anza na asilimia 10 kila wiki, siku ileile, na upime chumvi na joto kabla ya kumimina.