Mahali pa Kusimama

Mwaka 1937, afisa wa hifadhi ya udongo, R. O. Barnes, alizunguka wilaya ya Machakos, Kenya, na kamera akipiga picha za vilima vilivyochunika: makorongo, udongo mtupu, malisho yaliyoliwa hadi mizizi. Zaidi ya nusu karne baadaye picha hizo zilifufuliwa, mahali zilipopigwa pakatafutwa, na mwaka 1991 nyingine zikapigwa palepale. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizitumia jozi hizo katika kitabu chao cha 1994, More People, Less Erosion. Tofauti inashangaza. Miteremko iliyokuwa uchi imejaa matuta, miti na mashamba, ingawa watu wa wilaya walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Wataalamu wamebishana sana kuhusu maana ya jozi hizo. Wako wanaosema zinasimulia zaidi habari za wenye uwezo wa sehemu za mvua kuliko za maskini wa nyanda kavu. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Mimi nazitaka picha hizo kwa jambo dogo la ufundi, kwa sababu sioni ushahidi mzuri kuzishinda juu ya swali linalowasumbua wapiga picha wengi: ni lenzi gani mtu aichague, aishi nayo?

Anayetaka kuirudia picha ya zamani hukabiliwa kwanza na jambo moja: mwenzake alisimama wapi? Njia hii si ngeni. Sebastian Finsterwalder alianza kuitumia kwenye barafu za milima ya Alps mwishoni mwa miaka ya 1880, na tangu hapo kanuni yake haijabadilika. Anayerudia picha hutazama kitu cha karibu na kitu cha mbali, labda mwamba na kilele kilicho nyuma yake, kisha husogea hatua kwa hatua mpaka vipangane kama vilivyopangana zamani. Akikosea mita chache tu kando, mwamba unahama na kilele hakihami, na jozi imeharibika. Lenzi yenyewe haimpi shida kubwa hivyo. Ikiwa yake inaona eneo pana kuliko ile ya kwanza, atakata kingo za picha baadaye, na kilichobaki kitalingana. Tuseme uko ukingoni mwa mji wa Machakos, mbele yako pana paa la mabati na nyuma yake Kiima Kimwe. Ukizungusha zumu, paa na mlima hukua pamoja kwa kiasi kilekile, na uhusiano wao haubadiliki hata chembe. Ukirudi nyuma hatua 50, paa linanywea na mlima unabaki vilevile. Uhusiano wa vitu katika picha huamuliwa na miguu. Lenzi huamua tu uzio uwekwe wapi.

Kutoka hapo mtu anaweza kuhitimisha kwamba basi lenzi haina maana, abebe yoyote, abebe zote. Mimi nahitimisha kinyume chake. Ikiwa uamuzi mkubwa ni mahali pa kusimama, chombo bora ni kile kisichokupa njia ya kuukwepa. Mwenye zumu akiona picha haijakaa sawa huanza kurekebisha uzio kwa kiganja. Vitu visivyohitajika vikishatoka nje ya fremu anadhani amemaliza, kumbe bado amesimama pale alipofikia kwa bahati, gari liliposimama. Mwenye lenzi moja isiyobadilika hana dawa hiyo. Atasogea, atachutama, atavuka barabara, na kila akifanya hivyo picha yenyewe inabadilika. Baada ya muda jicho lake linajua uzio ulipo hata kabla hajainua kamera, kwa hiyo huanza kutafuta mahali angali anatembea.

Kwa nini basi iwe lenzi ya kawaida, yaani mm 50 kwa fremu ya filamu ya mm 35? Jibu linalorudiwa na wengi ni kwamba lenzi hiyo huona kama jicho la mwanadamu. Jibu hilo silipendi. Jicho halina fremu. Linazungukazunguka, na kinachoonekana kwa ukali ni sehemu ndogo sana ya kilicho mbele yetu. Hata hesabu haikubaliani nalo vizuri, kwani lenzi huitwa ya kawaida urefu wake ukikaribia ulalo wa fremu kutoka pembe hadi pembe, na ulalo wa fremu ya mm 24 kwa 36 ni mm 43. Tulipata 50 kwa historia: Leica ya Oskar Barnack, iliyoingia sokoni mwaka 1925, ilikuja na lenzi ya mm 50 iliyobuniwa na Max Berek, na wengine wakafuata. Lakini ipo sababu nyingine iliyo imara, nayo inahusu mtazamaji. Picha huonekana yenye uwiano wa asili ikitazamwa kutoka umbali sawa na urefu wa lenzi ukizidishwa kwa kiasi cha kukuza. Fremu hiyo ikikuzwa hadi sentimita 20 kwa 30 imekuzwa zaidi kidogo ya mara nane; mara nane ya mm 50 ni kama sentimita 40. Huo ndio umbali ambao mtu hushika picha mkononi, au gazeti, au albamu inayopitishwa kwa wageni sebuleni. Picha ya lenzi pana tungepaswa kuisogeza karibu na pua, na ya lenzi ndefu kuibandika ukuta wa pili. Hatufanyi hivyo. Ndiyo maana vilima vya Iveti vya Machakos kwenye picha ya simu, ambayo kamera yake kuu kwa kawaida ni sawa na mm 24 hadi 28, huonekana mstari mfupi uliokimbilia mbali, na aliyepanda vilima hivyo kwa miguu anaikana picha.

Kuna umbali wa pili, kati ya mpiga picha na mtu, na hapa mm 50 ina hoja ambayo sijasikia ikijibiwa. Ikishikwa wima mita tatu kutoka kwa mtu mzima, fremu inachukua urefu wa mita mbili na kitu: anaenea kutoka unyayo hadi utosi, na nafasi kidogo juu. Kwa lenzi ya mm 200 picha hiyohiyo hupigwa kutoka mita 12, ng'ambo ya barabara, mama anayepanga maembe yake sokoni asijue lolote. Kwa lenzi ya mm 28 unamkaribia kiasi cha kumkanyagia maembe. Mita tatu ni umbali wa watu wanaosalimiana. Huwezi kusimama hapo na kamera bila kufungua kinywa, na ukinyamaza, utaulizwa. Watakaosema kwamba salamu huua uhalisi wa picha wana hoja kidogo: ni kweli uso hubadilika mtu akijua anapigwa picha. Ila uso wa mtu anayechunguzwa kutoka mbali nao si ukweli mtupu. Ni uso wa mtu ambaye hakupewa nafasi.

Umbali huu una uzito pia katika mambo mazito kuliko adabu. Mwaka 1938, mwaka mmoja baada ya picha za Barnes, serikali ya kikoloni ilianza kuwapunguzia Wakamba wa Machakos mifugo kwa nguvu ikidai kuokoa udongo. Maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Sisemi kwamba picha zilidanganya, makorongo yalikuwepo. Nasema korongo lolote likipigwa kutoka ukingoni mwake linajaza fremu nzima na kuwa nchi, na likipigwa kutoka mteremko wa pili linakuwa jeraha moja kati ya mashamba mengi. Picha zote mbili ni za kweli, na watawala wanaweza kuamua mambo mawili tofauti kwa kuzitazama. Mtu anapofanya kazi kwa lenzi moja inayojulikana, umbali wake unasomeka: tunaweza kukadiria alisimama wapi na kumuuliza kwa nini hapo. Mwenye kubadilisha lenzi kila mara hutuficha mahali pake, mara nyingi bila kukusudia.

Sasa fokasi ya mkono. Angalau tangu Minolta ilipotoa kamera ya 7000 mwaka 1985, mashine imejua kutafuta umbali yenyewe, na za leo hutambua jicho la mtu na kulifuata akitembea. Kudai kwamba mkono una kasi kuliko hizo ni kujidanganya. Hoja yangu ni kwamba katika mwanga wa Machakos, kwa lenzi hii, mara nyingi hakuna cha kukimbilia. Mji uko kama digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600. Jua la mchana bila mawingu, kwa filamu ya ISO 100, linaruhusu f/8 kwa sehemu ya 1 kwa 500 ya sekunde. Kwa tundu hilo, ukiweka pete ya fokasi kwenye mita tatu, kila kitu kuanzia mita 2.3 hadi 4.2 kitakuwa na ukali wa kutosha. Ukipunguza hadi f/11 na kuweka pete karibu na mita nane, ukali unaanzia mita nne na kwenda hadi upeo wa macho, Kiima Kimwe ikiwemo. Maelezo haya yote yamechongwa kwenye lenzi ya zamani, namba za umbali juu na alama za tundu chini yake, ili uyasome hata kamera ikiwa imezimwa. Lenzi nyingi za kisasa zimezifuta namba hizo, na pete zake zinazunguka bila mwisho kwa kuwa zinaiagiza injini tu. Wenye lenzi hizo hawakuchagua kuacha kufikiria umbali, walinyang'anywa rula.

Jua likizama na tundu likafunguka hadi f/2 mambo yanageuka, na hapa lazima nikubali gharama. Uso ulio mita mbili unapata ukali wa sentimita 19 tu kwa jumla, mbele na nyuma. Mtu akiinama kidogo amekupotea. Mpiga picha wa harusi anayelipwa kwa kila tabasamu, au wa mpira katika Uwanja wa Kenyatta, asinisikilize: achukue zumu na fokasi otomatiki, na asione haya. Vivyo hivyo chumba kidogo hakipigiki kwa mm 50, kwa sababu ukuta unakuzuia kabla fremu haijajaa. Naandika juu ya kazi ambayo mtu huifanya kwa kuipenda, isiyo na bibi harusi anayesubiri.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka Wamunyu, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Machakos. Wachongaji wa huko, ambao ufundi wao husimuliwa kuwa uliletwa na Mutisya Munge baada ya kujifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hawana tezo moja. Wana nzito ya kuangusha magamba, nyepesi ya kutoa umbo, kisu cha macho na masikio, msasa wa kumalizia. Kama fundi wa mpingo anahitaji vyombo vinne, kwa nini fundi wa mwanga ajifunge na kimoja? Kwa sababu mchongaji hukaribia umbo kwa awamu, na kila chombo kina zamu yake juu ya gogo lilelile. Picha haina awamu. Yote hukatwa kwa pigo moja. Chombo cha pili cha mpiga picha hakimalizi kazi ya kwanza, kinaanza nyingine, na anapokifikiria tayari ameacha kutazama kilicho mbele yake. Isitoshe vidole vina kumbukumbu: pete ya Nikon huzunguka kinyume cha ile ya Canon, na mwenye zote mbili hukosea upande hasa pale asipokuwa na muda wa kukosea.

Nikilazimika kutaja moja, nataja Nikkor ya mm 50 f/2, ile ya miaka ya 1960 na 1970 yenye vioo sita. Wapenzi wa f/1.4 watacheka. Lakini hatua ile moja ya mwisho ya mwanga hulipiwa kwa uzito, kwa bei, na kwa ulaini wa picha tundu likiwa wazi kabisa, na baadhi ya f/1.4 za enzi hizo, kama Super-Takumar za Pentax, zina kioo chenye thoriamu kinachogeuka manjano kwa miaka. Helios 44-2 ya Kisovieti, mm 58, ina wafuasi wengi kwa jinsi inavyozungusha majani ya nyuma kama kimbunga; nzuri, ila baada ya picha kumi unaona lenzi kuliko mti. Nikkor hiyo inakaa kwenye kamera yoyote ya kisasa isiyo na kioo cha ndani kwa adapta. Sharti kamera iwe ya fremu kamili. Kwa zile za sensa ndogo mm 50 inakuwa kama 75, na hoja yangu yote ya mita tatu inahamia kwenye lenzi ya mm 35 au fupi zaidi.

Anayenunua iliyotumika aimulike kwa tochi kutoka nyuma. Zilizokaa Mombasa huota kuvu kati ya vioo, utando kama nyuzi za buibui. Za bara husumbuliwa zaidi na vumbi la kiangazi lililoingia kwenye grisi, nalo utalisikia pete ikikwaruza. Majani ya tundu yawe makavu na yarudi haraka ukiyaachilia. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele usiwe sababu ya kuiacha: hauonekani kwenye picha ila ukielekeza lenzi kwenye jua, na mara nyingi unapunguza bei.