Dhiki Ndani ya Mizani

Hofu ina umbo, wasiwasi hauna. Mtu aliyemwona simba anajua anachokikimbia, bali mwenye wasiwasi hukimbia asijue akimbiacho, na kila pembe ya chumba humtisha sawasawa. Vitabu vya Kiswahili vinavyoonyesha mapambano ya nafsi na hali hiyo si vingi. Kimoja chao ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapwa mwaka 1973.

Asili yake yajulikana. Mwaka 1968 mshairi, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? ulioilaumu serikali. Kwa ajili yake alifungwa miaka 3, toka 1969 hata 1972, akatengwa na wafungwa wengine. Tungo zake aliziandika kwa siri juu ya karatasi za chooni.

Aghalabu diwani hii husifiwa kwa ushujaa. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yaficha jambo. Katika shairi la “Siwati”, neno hilo, ambalo kwa Kimvita maana yake ni siachi, larudi tena na tena. Je, mtu asiyesumbuliwa na fikira ya kuacha ana haja gani ya kulirudia? Kila “siwati” ni jibu la sauti nyingine isiyoandikwa, sauti inayomshawishi kuacha. Ushujaa wake, basi, si ukosefu wa hofu, bali ni mabishano nayo.

Silaha ya mabishano hayo ni umbo la shairi lenyewe. Mfungwa hana amri juu ya mlango, chakula wala taa. Juu ya vina na mizani anayo. Fikira za wasiwasi huzunguka bila kikomo, lakini mshororo wa mizani 16 hugawanyika nane kwa nane, na ubeti hauna budi kufika kituoni. Mithali husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mshairi hayafichi maradhi yake: katika “Jipu” ayapa jina la kitu ambacho kila mtu amekiona. Maumivu ya jipu yana mahali pake mwilini, nalo huiva likapasuka. Dhiki iliyopewa mfano wa jipu imekwisha kupewa mpaka, na pamoja na mpaka, tumaini.

Yamkini mtu atasema kwamba mafumbo ni njia ya kujificha. Ni kweli kwa upande mmoja tu: fumbo laweza kumficha mshairi kwa askari, lakini halimfichi kwa nafsi yake.

Hata hivyo diwani haikosi upungufu. Mahali pengine azimio hunena kwa sauti kuu hata tetemeko la moyo lisisikike, na msomaji aliye katika fadhaa yake mwenyewe aweza kujiona amehukumiwa badala ya kufarijiwa. Lakini msomaji huyo na arudi kwenye jalada. Kitabu hakikuitwa sauti ya ushindi. Kilitungwa wakati mlango ungali umefungwa, na fundisho lake ni hilo: mwenye hofu asingoje hofu imwishie ndipo anene, bali aitafutie mizani, kisha anene nayo ikiwamo.