Darwin na Hiari ya Mwanamke
Mwaka 1871 Charles Darwin alitoa kitabu kiitwacho The Descent of Man, na sehemu yake kubwa yahusu uchaguzi wa mwenzi. Kwa ndege hoja yake ni imara: tausi jike huchagua, na fahari ya mkia wa dume ni tunda la uchaguzi huo, kizazi baada ya kizazi. Lakini afikapo kwa binadamu, Darwin ageuza mizani. Asema mwanamume, kwa kuwa ana nguvu zaidi, ndiye aliyejitwalia uwezo wa kuchagua. Hapa ndipo kitabu kipungukiwapo. Mazoea ya zama zake yamevikwa joho la maumbile. Mwaka 1875 Mmarekani Antoinette Brown Blackwell alikwisha kumkosoa kwa kuyatazama maumbile kwa jicho la mwanamume. Mwili nao hutoa ushahidi. Gorila dume, mwenye majike kadha, hukaribia kuwa na uzito maradufu ya jike. Mwanamume humzidi mwanamke kwa kiasi kidogo tu. Basi kushindana kwa wanaume peke yake hakutoshi kutueleza tulivyo. Kitabu hiki kisomwe kwa heshima, ila msomaji apambanue ushahidi na mazoea.