Nani Anaitwa? Uhakiki wa Orodha Yenye Majina Matano

Matini ninayoihakiki ina maneno matano tu: Alexa, Amazon, Echo, Computer, Ziggy. Haimo katika kitabu. Imo ndani ya programu ya simu inayoendesha spika janja za kampuni ya Amazon, na ili uifikie inabidi ufungue orodha ya vifaa, uchague chako, uingie kwenye mipangilio, kisha ushuke chini mpaka karibu ukate tamaa. Hapo ndipo mtumiaji wa Kiingereza cha Marekani anapogundua kwamba jina analoliita tangu siku ya kwanza halikuwa pekee. Asiyetafuta hafiki huko.

Neno la namna hii nitaliita neno la kuamshia. Spika haipeleki kila kinachosemwa chumbani. Ndani yake kuna programu ndogo inayokaa macho muda wote ikingoja umbo moja la sauti. Ikilisikia, taa inawaka, na maneno yanayofuata yanarekodiwa na kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali. Nilipoanza utafiti huu nilitaka kuandika juu ya usiri wa majumbani, kama wenzangu wawili darasani walivyofanya. Niliacha kwa sababu ya msichana mmoja.

Shangazi yangu anakaa Kimironko, Kigali. Mwanawe aliye Ulaya alimletea spika ya aina hii, sitaji ni ya kampuni gani, na wiki ileile ikaonekana kwamba jina la chombo na jina la dada wa kazi yanakaribiana mno. Akiitwa dada, chombo kinaamka. Kikiitwa chombo, dada anatoka jikoni akifuta mikono: “Karame?” Watoto walicheka siku mbili tatu. Siku ya nne shangazi akakata shauri kwamba dada ataitwa Kamembe, kwa mji aliotoka. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo kubwa, hata yeye mwenyewe hakulalamika, walau mbele yetu. Lakini kati ya wawili waliogongana majina, mmoja alibatizwa upya, na si yule wa plastiki. Jina lake la kwanza sitaliandika hapa. Limekwisha kuchukuliwa vya kutosha.

Turudi kwenye matini. Mhakiki huuliza nani anasema, kwa nani, na kwa nini neno hili na si lile. Alexa ndilo jina linalokuja na chombo kikitoka kwenye boksi. Kampuni ilieleza kwamba lilichaguliwa kwa kukumbuka maktaba ya kale ya Aleksandria, na pia kwa sababu ile “x” ni sauti kavu ambayo mashine huitambua bila shida. Maelezo ya pili nayaamini zaidi kuliko ya kwanza. Lakini kabla ya kuwa maktaba, Alexa lilikuwa jina la watu. Nchini Marekani idadi ya watoto wa kike wanaopewa jina hilo imeporomoka tangu 2015, na mwaka 2021 shirika la BBC lilitangaza habari za wazazi wa Uingereza waliosema binti zao wenye jina hilo wanadhihakiwa na kuamrishwa shuleni, wengine mpaka wakabadilishwa majina. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka dada wa Kimironko. Nilikuwa nimedhani kisa chake ni cha ushamba wetu.

Amazon ni jina la mwenye mali. Ukilichagua, kila unapotaka taa izimwe unataja kampuni, na watoto wako wanaitaja, asubuhi na jioni, bila kulipwa. Sina la kuongeza juu yake.

Echo ndilo linalonivutia kuliko yote, na sidhani waliolichagua walilisoma hadi mwisho. Katika visasili vya Kiyunani, Echo ni binti aliyeadhibiwa asiweze kuanza maneno yake mwenyewe. Alichobakiwa nacho ni kurudia ncha ya maneno ya wengine. Alipompenda kijana asiyempenda, akakonda, mwili ukaisha, ikabaki sauti peke yake milimani. Kwetu hiyo sauti ni mwangwi, nomino isiyo na nafsi. Kwa Wayunani ilikuwa mwanamke aliyeondolewa mwili akaachiwa kazi ya kujibu. Ripoti ya UNESCO ya 2019 ilikwisha kulalamikia wasaidizi wa sauti waliopewa sauti za kike zenye kunyenyekea kwa kila amri. Jina Echo lilikuwa limekiri jambo hilo mapema, juu ya boksi, kwa herufi kubwa.

Computer liliongezwa mwanzoni mwa 2017. Hilo ni la mashabiki wa Star Trek, filamu za televisheni zilizoanza 1966, ambamo mabaharia wa anga huiita mashine ya chombo chao kwa neno hilo tu. Ziggy liliongezwa 2021, pamoja na sauti ya kiume. Nalipita. Ila Computer lina heshima moja ambayo mengine hayana, nayo ni kwamba ni nomino ya kawaida. Haliibi jina la mtu. Ukiita kompyuta, hakuna binadamu anayegeuka.

Hapa mtu atauliza kwa nini orodha iwe ya majina matano badala ya nafasi tupu ambayo kila mtu angeandika analotaka. Wahandisi wana jibu, na si jibu la uongo. Programu ile ndogo haielewi maneno; imefunzwa kwa sauti nyingi sana za watu wakitamka neno moja, hivyo kila neno jipya linadai mafunzo yake. Tena kuna mizani isiyokwepeka. Ukiilegeza, mashine inaamka ovyo. Ukiikaza, unaita mpaka koo likauke. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani, wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichopo Bochum na wenzao wa Max Planck, waliziwekea spika hizi vipindi vya televisheni na habari, wakapata zaidi ya mifuatano 1,000 ya maneno iliyoziamsha bila kuitwa. Neno “election” liliweza kuiamsha Alexa. Neno la uchaguzi! Na Januari 2017 mtangazaji wa televisheni huko San Diego, akisimulia habari ya mtoto aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kupitia spika, aliitamka sentensi yenyewe hewani, na watazamaji wakapiga simu kwamba spika zao nazo zimejaribu kuagiza. Miezi michache baadaye Burger King walifanya kusudi kile ambacho mtangazaji alifanya kwa bahati mbaya. Tangazo lao liliiita spika ya Google ndani ya nyumba za watu na kuiuliza habari za mkate wao wa nyama.

Kwa hiyo nakubali kwamba si kila neno linafaa. Nisichokubali ni kwamba ugumu huo ndio unaoeleza ufinyu wa orodha. Google inakupa “OK Google” na “Hey Google”, basi. Apple ilikuwa na “Hey Siri”, na mwaka 2023 ikaruhusu watu waiache ile “Hey”, yaani hodi pekee iliyokuwa imebaki ikaondolewa. Wakati huohuo ipo programu huria iitwayo openWakeWord, ambayo mtu hulifundisha neno lake mwenyewe kwa kutumia sauti zilizotengenezwa na kompyuta, bila kukusanya umati wa wasemaji. Jambo linawezekana. Linachotaka ni kazi, na mtu wa kuona kwamba kazi hiyo ina maana. (Jambo la kuchekesha ni kwamba miongoni mwa maneno yaliyo tayari katika programu hiyo huria limo “Hey Jarvis”. Jarvis ni mtumishi wa nyumba ya tajiri katika hadithi za katuni za Kimarekani. Watu wamepewa uhuru wa kuita lolote, wameita boi.)

Sasa nije kwenye lugha yetu, maana hapo ndipo matini hii inapofichua zaidi. Mimi nimezaliwa Nyamirambo, ambako Kiswahili ni cha nyumbani. Kwetu kuita si kutoa sauti tu. Mkubwa haitwi kwa jina lake tupu. Ni mama fulani, baba fulani, shangazi, mwalimu. Na aliyeitwa ana neno la kuitikia, naam kwa mwanamume, abee kwa mwanamke, na wazee wa pwani wana labeka. Wanyarwanda husema karame, neno lenye dua ya maisha marefu kwa anayeita. Mtoto anayenyamaza akiitwa hugombezwa, lakini kugombezwa huko kunamtambua kuwa angeweza kuitika na hakutaka. Kuitika ni tendo la mtu.

Neno la kuamshia linakata uhusiano huo katikati. Linabakiza mwito na kutupa mwitiko. Unataja jina tupu, kama amwitavyo mtumishi asiye na ukoo, na unachopata ni taa. Hakuna abee, hakuna karame. Hakuna nafasi ya “niko nashughulika, ngoja”. Na baada ya jina hufuata amri iliyo uchi: washa, zima, cheza. Katika Kiswahili cha kawaida sentensi hiyo ingevaa “naomba” au “hebu” au “tafadhali”. Nimewasikiliza watoto wa shangazi. Kwa chombo huongea Kiingereza, kwa kuwa hakijui Kiswahili wala Kinyarwanda. Kwa dada huongea Kiswahili. Lakini baada ya miezi michache mkato wa kile Kiingereza ulihamia kwenye Kiswahili chao. “Dada, maji.” Siwezi kuthibitisha kwamba chanzo ni spika. Ni watoto, na watoto walikuwa wakorofi hata kabla ya umeme. Naandika nilichosikia.

Kuna watakaosema tungoje, siku moja spika hizi zitajua lugha zetu na tatizo litakwisha. Malighafi ipo, hilo ni kweli. Katika Common Voice, hazina huria ya sauti ya Mozilla, Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000 za watu waliojitolea kusoma sentensi, sehemu kubwa kwa jitihada za Digital Umuganda ya hapa Kigali, na Kiswahili nacho kimo. Lakini mashine inayojua Kiswahili na bado inaitwa kwa jina tupu, isiyoitika, itakuwa imetafsiri utumwa tu. Swali la nani anaitwa, na kwa jina gani, lingetangulia lile la msamiati.

Nimejaribu kufikiria neno letu. “Rafiki” lingeamka siku nzima, maana hakuna mazungumzo mjini yanayomaliza dakika tano bila rafiki. “Hodi” ni tamu lakini fupi mno, na isitoshe hodi humpa mwenye nyumba haki ya kukataa. Aliyenipa jibu ni mhadhiri wetu mmoja, kwa utani: tarakilishi. Silabi tano zilizo wazi, zisizofanana na neno lolote la sokoni. Limesanifiwa na wataalamu, limo katika kamusi na mitihani, na mitaani kila mtu anasema kompyuta. Kwa miaka mingi tumelicheka kwamba hakuna alitamkaye. Kumbe ndiyo sifa hasa ya neno la kuamshia: lisitamkwe kwa bahati mbaya. Nomino ya kawaida, haina jinsia, haina ukoo, haimnyang’anyi mtu jina lake.

Likizo iliyopita nilikwenda Kimironko nikaomba simu ya shangazi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka chini, nikabadilisha jina la chombo kuwa neno jingine lililokuwamo katika orodha yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Shangazi alitazama akasema, “Kumbe inabadilika?” Kisha akasema Kamembe limekwisha kuzoeleka, na mbona lenyewe zuri.

Jioni yule mtoto mdogo alisahau. Akaliita jina la zamani, kwa nguvu, akikielekea chombo. Chombo hakikuwaka. Kutoka jikoni ikasikika, “Karame?” Dada akatokea mlangoni.

“Si wewe,” mtoto akasema. Akakitazama chombo, akamtazama yeye. “Ah, basi ni wewe. Naomba maji.”